PRESHA NA SUKARI: UKIAMBIWA "UTAFITI UMEONYESHA", ULIZA KWA NANI

Leo tunazungumza hasa na ninyi mlioko Nansha, huku kusini kabisa mwa Guangzhou ambako Mto Pearl unaingia baharini. Wengi wetu tunaijua Nansha kwa sababu ya bandari: makontena mengi ya wafanyabiashara wetu hupakiwa hapa kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Wapo wanaosimamia mizigo, wapo waliofuata ajira, na wapo wanafunzi, hasa tangu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong kilipofungua chuo chake cha Guangzhou hapa Nansha mwaka 2022.

Watu wazima wengi wanaofika China hupimwa presha na damu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi pale wanapofanya uchunguzi wa afya unaotakiwa kwa ajili ya kibali cha kuishi. Wengine hutoka pale na karatasi yenye maandishi ya Kichina na mshale unaoelekea juu, wasijue wafanye nini. Jioni wanaingia kwenye makundi ya WeChat na WhatsApp, na huko kila mtu ana lake. Huyu anasema utafiti umeonyesha kitunguu saumu kinatosha. Yule anasema utafiti umeonyesha vidonge vya presha vinaua figo. Mwingine anasema dawa za Wachina hazifai kwa mtu mweusi.

Makala hii ina jambo moja tu la kukuachia. Kila unaposikia maneno "utafiti umeonyesha", uliza: umeonyesha kwa NANI, kwa MUDA gani, na walipima NINI? Tutapitia tafiti chache za kweli, za China na za kwetu Afrika Mashariki, ili uone jinsi maswali hayo yanavyoweza kukuokoa.

UTAFITI WA TIBA NI KITU GANI?

Kwa lugha nyepesi, utafiti wa tiba kwa watu wazima uko wa aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni ya kufuatilia. Watafiti wanaandikisha watu, wanawapima, wanawauliza wanakula nini na wanavuta sigara au la, halafu wanawafuatilia kwa miaka. Hawawapi dawa yoyote. Hapa Guangzhou kwenyewe, kuanzia mwaka 2003, watu wapatao 30,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliandikishwa katika utafiti wa namna hii, unaoendeshwa na Hospitali Namba 12 ya Guangzhou kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Hong Kong na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza.

Aina ya pili ni jaribio. Hapa washiriki wanagawanywa kwa kura. Kundi moja linapata dawa au ushauri mpya, jingine linaendelea na matibabu ya kawaida au linapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kura ina maana kubwa. Tuseme wanywaji wa chai wameonekana kuwa na afya nzuri kuliko wengine. Je, ni chai? Au wanywaji wa chai ndio hao hao wanaotembea kila asubuhi na wasiovuta sigara? Kwa kufuatilia peke yake ni vigumu kujua. Lakini ukiwagawa watu kwa kura, wavutaji na wasiovuta, wanene na wembamba, wanaangukia pande zote mbili kwa usawa. Tofauti itakayoonekana baadaye ina nafasi kubwa ya kuwa imeletwa na kile ulichokijaribu.

Kwa hiyo mtu akikwambia habari ya utafiti, anza kwa kujua ni wa aina gani.

KUHAMA PEKE YAKE KUNAPANDISHA PRESHA

Tuanze na utafiti wa nyumbani unaotuhusu sana sisi tuliohama. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohamia mjini ilianza kupanda MAPEMA, ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: chumvi mwilini ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, matunda na vyakula vya shamba, ilikuwa imepungua. Uzito nao ulikuwa juu zaidi.

Hao walihama kutoka kijijini kwenda mji wa nchi yao wenyewe. Wewe umevuka bahari. Angalia sahani yako: tambi za paketi usiku, sosi ya soya kila mlo, vyakula vya kukaanga karibu na ghala, mboga kidogo kwa sababu hujui upike nini kati ya zile zilizoko sokoni. Ongeza usingizi mfupi kwa sababu ndugu wa nyumbani wanapiga simu usiku wa manane saa za China.

Na hili si jambo dogo. Huko kwetu Tanzania, utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 uliwatafuta watu wote waliopata kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipatikana wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa wapatao 316, karibu mara tatu. Presha isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi. Haiumi, haipigi hodi, na mtu anaweza kubeba mizigo mchana kutwa akijiona mzima.

DA QING: FAIDA YA KUWAHI

Sasa tuje kwenye sukari. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing kaskazini mashariki mwa China, watu zaidi ya 110,000 walipimwa. Miongoni mwao walipatikana watu wazima 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kiasi, lakini bado hawajafikia kuwa na kisukari. Kliniki 33 ziligawanywa. Wagonjwa wa kliniki nyingine waliendelea kama kawaida. Wengine walipewa ushauri wa chakula, wengine wa mazoezi, na wengine vyote viwili. Hakukuwa na dawa. Jambo hili lilikwenda kwa miaka 6.

Baada ya miaka hiyo, katika kundi lililoachwa kama kawaida, takriban watu 68 kwa kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika makundi yaliyobadilisha chakula, mazoezi au vyote viwili, walikuwa kati ya 41 na 46 kwa kila 100.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliendelea kuwafuatilia watu hao, na mwaka 2019 walitoa matokeo ya miaka 30. Waliopata ushauri walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4. Matatizo ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 26, na waliishi wastani wa karibu mwaka mmoja na nusu zaidi. Kumbuka kwamba ushauri wenyewe ulidumu miaka 6 tu!

Tuulize maswali yetu. Kwa nani? Kwa watu ambao sukari imeshaanza kupanda, si kwa kila mtu. Kwa muda gani? Miaka 30. Walipima nini? Hawakupima namba za maabara peke yake. Waliangalia ugonjwa na kifo. Huo ndio utafiti wa kuutilia maanani. Kama karatasi yako ya uchunguzi inaonyesha sukari ya asubuhi kabla ya kula iko kati ya 6.1 na 6.9, usiseme "bado sina kisukari, basi". Sukari imeshaanza kupanda, na hapo ndipo juhudi inalipa. Ikifika 7.0 na kuendelea, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hicho ni kisukari na kinahitaji matibabu.

CHUMVI YA PAKETI NYINGINE

Ukienda dukani hapa Nansha utaona kwenye rafu moja chumvi ya kawaida, na kando yake paketi imeandikwa 低钠盐, husomwa "di na yan", maana yake chumvi yenye sodiamu kidogo. Sehemu ya chumvi hiyo imebadilishwa ikawekwa potasiamu.

Chumvi ya namna hiyo ilijaribiwa vijijini kaskazini mwa China, katika vijiji 600 vyenye washiriki 20,995. Walikuwa ni watu waliowahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi ambao presha yao iko juu. Vijiji vya kundi moja vilipewa chumvi yenye robo moja ya potasiamu, vingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Baada ya takriban miaka 5, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Hivyo ni kwa kubadilisha kopo la chumvi tu.

Lakini rudi kwenye swali letu: kwa NANI? Watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa, wala wale wanaotumia dawa za kukojoza zinazobakiza potasiamu mwilini. Kwa watu hao potasiamu inaweza kujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuua. Kwa hiyo:

1. Kama hujawahi kupima figo, pima kwanza. Ni kipimo cha damu cha kawaida.
2. Kama una ugonjwa wa figo, au unatumia spironolaktoni, USITUMIE chumvi hiyo bila ruhusa ya daktari.
3. Kama unatumia dawa nyingine za presha au za moyo, muulize daktari kabla ya kubadilisha. Baadhi yake pia huongeza potasiamu.
4. Usidhani kwa kuwa umebadilisha chumvi basi umwage sosi ya soya utakavyo. Chumvi nyingi imejificha kwenye sosi, supu za paketi na vyakula vya kuhifadhiwa.

DAWA GANI KWA MTU MWEUSI?

Hapa ndipo maneno huwa mengi. Wapo wanaokataa vidonge vya hospitali za hapa kwa kusema "vimejaribiwa kwa Wachina". Swali lao si la kijinga. Kosa ni kulijibu kwa kutupa dawa jalalani.

Ukweli ni kwamba dawa nyingi za presha zinazotolewa hapa ni zile zile za nyumbani, ila jina kwenye boksi limeandikwa Kichina. Na utafiti kwa Waafrika upo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 6: Kenya, Uganda, Msumbiji, Kameruni, Nigeria na Afrika Kusini. Wagonjwa weusi 728 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu, kila kundi likipata dawa mbili kwa pamoja. Walivalishwa mashine inayopima presha saa 24, ili presha isionekane imepanda kwa sababu tu ya woga wa kumwona daktari.

Ilionekana kwamba makundi mawili yaliyokuwa na amlodipini, moja ikiwa pamoja na haidroklorothiazidi na jingine pamoja na perindoprili, yalishusha presha zaidi kuliko kundi la perindoprili na haidroklorothiazidi bila amlodipini. Tofauti ilikuwa kama pointi 3 kwenye namba ya juu. Unaweza kuona ni kidogo, lakini ikidumu kwa miaka mingi, katika watu wengi, inazuia viharusi.

Faida yako wewe ni hii: ukikaa mbele ya daktari wa magonjwa ya ndani, ambaye huku kitengo chake huitwa 内科, yaani "neike", unaweza kumuuliza kwa adabu, "Daktari, mimi ni Mwafrika, je, mchanganyiko wenye amlodipini unanifaa?" Huyo ni daktari, atakuelewa. Anaweza kukubali, au akakueleza kwa nini kwako wewe, labda kwa sababu ya figo au kisukari, anapendelea nyingine.

Tena kuna tahadhari moja ya kuijua. Kundi la dawa ambalo perindoprili, enalaprili na kaptoprili zimo linaweza kuleta kikohozi kikavu. Mara chache huvimbisha midomo, ulimi na uso, na hili la kuvimba hutokea zaidi kwa watu weusi. Ukiona umevimba hivyo baada ya kuanza dawa, acha kidonge na kimbilia hospitali SAA HIYO HIYO. Usisubiri asubuhi.

Na je, presha ishuke hadi wapi? Hospitali 42 za China zilishiriki jaribio lililotolewa mwaka 2021, likiwa na wagonjwa zaidi ya 8,500 wenye miaka 60 hadi 80. Waliolenga kushusha namba ya juu chini ya 130 walipata matatizo ya moyo na mishipa wachache zaidi kuliko walioridhika na kati ya 130 na 150: asilimia 3.5 dhidi ya 4.6. Upande wa pili, presha kushuka kupita kiasi ilitokea mara nyingi zaidi kwao. Ndiyo maana kiwango chako kinapangwa na daktari anayekujua, siyo na jirani.

SELIMUNDU NA KIPIMO CHA SUKARI

Hili watu wengi hawajawahi kuambiwa. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi kama mitatu iliyopita. Kikifika 6.5 au zaidi, mara nyingi daktari atasema una kisukari. Ni kipimo kizuri, lakini kinategemea chembe nyekundu za damu kuwa za kawaida.

Watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu (sikoseli) bila wao wenyewe kuumwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi zaidi ya 4,600 ulionyesha kwamba wenye kinasaba hicho husomeka chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Maana yake mtu mwenye kisukari anaweza kuambiwa yuko salama. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao upo sana kwetu na upo pia kwa wenyeji wa Guangdong, nao unaweza kukishusha kipimo hicho.

Daktari wa hapa anaufahamu vizuri upungufu wa G6PD kwa sababu ni tatizo la watu wake. Selimundu huenda haiwazi, maana hakutani nayo kila siku. Kwa hiyo MWAMBIE. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, sema, na uombe upimwe pia sukari ya kawaida kabla ya kula, isiwe HbA1c peke yake.

Mfano mwingine wa namba zinazobadilika ni uzito. China mtu huhesabiwa amezidi uzito akifika kipimo cha 24, wakati Shirika la Afya Duniani linaanzia 25. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na kilo 70 hapa ataambiwa amezidi, nyumbani ataambiwa yuko sawa. Usikasirike wala usiogope. Namba hizo zilipangwa kwa kuangalia miili ya watu tofauti. La maana zaidi ni kama kiuno kinaongezeka mwaka hadi mwaka.

UKIOMBWA KUSHIRIKI UTAFITI

Hospitali kubwa za Guangzhou hufanya utafiti, na inawezekana siku moja ukaombwa kushiriki. Watu wetu wengi huogopa, na hofu hiyo ina historia. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Sheria kali za leo zilitokana na maovu ya namna hiyo. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo limefanyiwa marekebisho mara nyingi na la karibuni ni la mwaka 2024, linasema afya ya mshiriki iko juu ya faida ya sayansi. China nayo ina kanuni zake za majaribio ya dawa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2020.

Kabla ya kutia saini, hakikisha haya:

1. Umepewa karatasi ya idhini, kwa Kichina 知情同意书, na umeelezwa yaliyomo kwa lugha UNAYOIELEWA. Omba mkalimani. Asiwe mtu wa kupita tu. Awe mtu anayeweza kutafsiri kila ukurasa.
2. Kamati ya maadili imeukubali utafiti huo, na jina la kamati na namba ya kuwasiliana nayo vimo kwenye karatasi.
3. Unajua utapewa nini, kwa muda gani, na madhara gani yanaweza kutokea.
4. Unajua nani atalipia matibabu ukipata madhara.
5. Unajua unaweza kujitoa SIKU YOYOTE bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.
6. Umepewa muda wa kwenda nyumbani kufikiri na nakala ya kubaki nayo.

Mtu akikuharakisha, akakataa kukupa nakala, au akakutaka ulipie ili ushiriki, kataa. Lakini ukiona yote yako sawa, fikiria vizuri kabla ya kusema hapana. Lile jaribio la nchi 6 lisingekuwepo kama watu 728 wa kwetu wasingekubali. Tunapokataa wote, dawa zitaendelea kujaribiwa kwa wengine, na sisi tutaendelea kuuliza kama zinatufaa.

YA KUFANYA MWEZI HUU

- Pima presha. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, usiongee. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili. Kliniki ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, au nyumbani 135/85 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.
- Kama umefikisha miaka 40, au wazazi wako wana presha au kisukari, pima presha, sukari, figo na lehemu (kolesteroli) kila mwaka. Huku uchunguzi wa jumla huitwa 体检, "tijian".
- Pima homa ya ini aina ya B mara moja. Ipo sana kwetu na ipo sana hapa. Kama huna maambukizi na huna kinga, chanjo ipo.
- Usiache dawa kwa sababu zimeisha na unasubiri mtu aje nazo kutoka nyumbani. Peleka boksi la zamani kwa daktari wa hapa, majina ya kisayansi yanafanana na atakupatia zilizo sawa.
- Tunza karatasi zako zote na uzipige picha. Ukihama au ukirudi nyumbani, daktari mwingine ataanzia hapo.

Mwisho, jifunzeni alama ya kiharusi inayofundishwa hapa China kwa kutumia namba ile ile ya gari la wagonjwa, 120. MOJA: tazama uso mmoja, je, mdomo umepinda? MBILI: mwambie ainue mikono miwili, je, mmoja unaanguka? SIFURI, ambayo kwa Kichina inasikika kama neno la kusikiliza: sikiliza maneno yake, je, yanakokoteka? Ukiona hata moja kati ya hayo, piga 120 papo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Mwandikie mwenzako wa chumba anwani yenu kwa Kichina na muibandike mlangoni, ili kwenye simu asianze kuhangaika kuitafuta.

Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Watu wa Da Qing wameihesabu kinga hiyo kwa miaka 30 na namba zake tumeziona. Makala hii ni ya kukuelimisha tu, haichukui nafasi ya daktari wako. Ukiwa na dalili yoyote, nenda ukaonwe.

Nawatakia afya njema nyote mlioko Nansha, na kazi njema.